Jua la Vifaranga

Suruali ilikataa. Fundi aliishona mara ya kwanza, ikapinda. Akaifumua, akaishona upya, ikapinda vilevile, mshono wa pembeni ukija mbele ya goti kana kwamba umeitwa huko. Ilikuwa suruali ya mtoto wa miaka miwili na nusu. Fundi alikuwa ameshona suti za maharusi, za mawakili na za marehemu, na hakuna marehemu hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Leo anashindwa na suruali ya urefu wa mkono.

Akafanya anachofanya kila fundi duniani: akalaumu kitambaa. Kitambaa kilipomaliza zamu yake akailaumu cherehani, kisha mkasi, kisha mwenye suruali.

"Kidoti, simama vizuri."

"Nimesimama."

Na kweli alikuwa amesimama. Vifundo vya miguu vilikuwa vimegusana kama alivyoambiwa, lakini juu yake magoti yalikuwa yamenuniana, kila moja limetazama kwake. Fundi alipitisha ngumi katikati. Ikapita bila hodi. Akakaa chini juu ya vipande vya vitambaa, futi ikining'inia shingoni, akaikodolea macho ile nafasi kwa muda mrefu.

"Baba, nibebe," alisema Kidoti.

Suruali yenyewe ilikuwa ya shughuli kubwa. Baada ya wiki tatu mama yake Kidoti angesimama mbele ya kamati ya chuo kikuu ili wamfanye profesa, na Fundi alikuwa ameamua kwamba familia yote itapigwa picha ikiwa imevaa nguo za kitambaa kimoja. Ndivyo anavyosherehekea mtu ambaye mkewe amemzidi vyeti sita.

Mtaa mzima ulimwita mkewe Daktari. Majirani walimpelekea vikohozi na vipele, naye akawarudisha, kwa sababu hakuwa daktari wa watu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amechunguza jinsi kifaranga kinavyojijengea mifupa kikiwa bado ndani ya yai, kinavyokwangua madini ya chokaa kwenye ganda kidogo kidogo na kuyapeleka kwenye uti wa mgongo, kwenye mbawa, kwenye miguu. "Yai ni nyumba ambayo mpangaji anabomoa kuta ili ajengee mgongo wake," alipenda kusema. Neno hilo alilisema chuoni, akalisema sokoni, akalisema na harusini, na tangu hapo mialiko ya harusi ikapungua. Makala zake zilisomwa na watu kumi na mmoja duniani kote, wawili kati yao kwa kulipwa.

Kabatini, pale ambapo nyumba nyingine huweka vikombe vya wageni, yeye aliweka chupa. Ndani ya kila chupa kulikuwa na kifaranga ambacho nyama yake ilikuwa imesafishwa kwa dawa mpaka ikawa kama kioo, mifupa migumu ikang'aa nyekundu na ile laini bado, ile ya gegedu, ikabaki buluu. Kwa kweli zilikuwa nzuri. Lakini Bibi, mama yake Fundi, ambaye aliishi nao na kumlea Kidoti, alizifunika kwa shuka, akisema hawezi kunywa chai huku anatazamwa.

Miezi kumi na minne iliyopita paa la maabara lilianza kuvuja. Chuo kiliahidi kulitengeneza wiki ijayo, na wiki hiyo mpaka leo haijafika. Daktari hakuwa mtu wa kukaa akisubiri fundi wa paa. Alihamishia utafiti nyumbani, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule.

Utafiti wenyewe ulikuwa juu ya jua: mifupa inakomaaje kifaranga kikishatoka kwenye yai. Kundi A, vifaranga ishirini, walikaa sebuleni, na kila asubuhi Bibi aliwatoa nje kwenye roshani wakaote jua kwa dakika ishirini, zikihesabiwa na saa ya kengele. Wakati huo mlango wa kioo wa roshani ulifungwa, Kidoti asije akatia kidole kwenye sayansi. Kundi B, ishirini wengine, hawakutakiwa kuona jua hata kidogo. Waliwashiwa balbu na kuwekwa chumba cha nyuma, ambacho ni chumba cha Kidoti.

Dirisha la chumba hicho lilipigiwa misumari na kuvishwa pazia jeusi la tabaka tatu, kazi ya mikono ya Fundi mwenyewe. Daktari alizima balbu, akakagua saa sita mchana, akasema, "Hata mwanga wa tundu la sindano haupiti." Fundi aliibeba sifa hiyo miezi kumi na minne kama nishani.

Hakuna aliyeona ubaya. Bibi, kwa magoti yake mabovu, hakuweza kushuka ngazi za ghorofa tatu, kwa hiyo mtoto hakushuka. Jumapili Daktari aliandika makala na Fundi alimaliza nguo za wateja. Kila asubuhi, vifaranga walipokuwa wakijinyoosha juani, Kidoti alibandika pua kwenye kioo akawahesabu. Alijua kuhesabu mpaka tatu.

*

"Mke wangu, miguu ya mtoto imepinda."

Daktari alikuwa anapima uzito wa kifaranga. Hakuinua kichwa. "Imepinda kiasi gani?"

"Ngumi inapita kati ya magoti."

"Ngumi ya nani?"

"Yangu. Ulitaka niazime ya jirani?"

"Ngumi si kipimo, Fundi. Halafu watoto wote huwa na matege kidogo mpaka wafike miaka miwili."

"Huyu ana miwili na nusu."

"Umepima mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi," alisema Daktari, akiandika gramu za kifaranga daftarini, "kipimo kimoja ni uvumi."

Bibi alikuwa kwenye kochi, miguu yake ameipandisha juu ya mto kwa maumivu. "Mimi nilishaona siku nyingi," alisema. "Nikanyamaza, maana katika nyumba ya wasomi mjinga hatangulii kusema. Lakini matege hayo si ya kwetu, mkwe wangu. Kwetu watu wamenyooka kama rula."

"Mama, wewe mwenyewe huwezi kushuka ngazi," alisema Fundi.

"Huo ni uzee. Usiusingizie ukoo."

Fundi alitoka akiwa ameshindwa na wanawake wawili kwa mpigo. Lakini walikosea jambo moja. Mtu ukitaka kumdharau fundi cherehani, mdharau kwa lolote, ila usimfundishe kupima. Jumatatu alimsimamisha Kidoti ukutani, vifundo pamoja, akapima kwa futi. Alhamisi akapima tena. Jumapili akapima mara ya tatu, na safari hii ilibidi ambembeleze kwa biskuti, kwa sababu mtoto hakutaka tena kusimama. Alikuwa ameanza kutambaa kutoka chumbani mpaka sebuleni, na akiulizwa kwa nini, alisema miguu imechoka.

Fundi aliandika nambari kwenye karatasi ya kukatia nguo, akaiweka juu ya daftari la mkewe.

Daktari aliisoma. "Sentimita nane," alisema.

"Nane, na nane, na nane."

"Saa zilezile?"

"Saa zilezile, ukuta uleule, futi ileile."

Hapo alikuwa amesemeshwa kwa lugha yake. Aliitazama karatasi kama mtu anayesoma barua ya kuachishwa kazi, kisha akaenda chumba cha nyuma, akakaa huko kidogo, akarudi. "Kesho tunakwenda hospitali," alisema. Hakueleza alichokiona, na Fundi hakuuliza.

*

Muuguzi wa mapokezi alikuwa msichana ambaye bado alikuwa anajifunza kuchukia kazi yake. Alijaza kadi.

"Kazi ya baba?"

"Fundi cherehani."

"Kazi ya mama?"

"Mtafiti."

"Wa nini?"

"Wa mifupa."

Kalamu ilisimama. Muuguzi alimtazama Kidoti, ambaye alikuwa amepakatwa na baba yake huku miguu ikining'inia, imefanya duara. Kisha akamtazama tena mama. "Mifupa ya nani?"

"Ya vifaranga."

"Ahaa." Aliandika kitu kirefu kuliko neno vifaranga. "Maziwa anakunywa?"

"Anayakataa," alisema Fundi.

"Mayai?"

Fundi alikohoa. Nyumba yenye mayai kama ile ingeweza kulisha kambi ya jeshi, lakini kila yai lilikuwa na nambari na lilikuwa mwiko kuguswa.

"Jua anapata?"

Daktari alikuwa anasoma bango la kunawa mikono kwa makini sana.

"Lipo la dirishani," alisema Fundi, akitaka kusaidia. "Sebuleni. Linapita kwenye kioo."

"Jua la kupitia kwenye kioo si jua, baba," alisema muuguzi.

Ilikuwa sentensi ya mkewe, neno kwa neno. Aliwahi kuisoma kwenye mkutano wa wataalamu, akapigiwa makofi.

Baada ya eksirei waliitwa ndani. Daktari wa watu, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alibandika picha kwenye taa. Ncha za mifupa, ambazo zilipaswa kuwa nadhifu, zilikuwa zimechanuka kama mswaki wa siku nyingi, na mifupa ya miguu imekunjika kama upinde. Mama Kidoti aliinuka kabla hajaambiwa lolote. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa picha.

"Kundi B," alisema. "Siku ya thelathini."

"Samahani, mama?"

Alirudi kitini. Alikaa kama kitu kilichowekwa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Fundi alimwona mkewe hana la kuongeza.

"Msife moyo," alisema yule mzee. "Samaki mkunje angali mbichi. Huyu bado mdogo, miguu itanyooka, ila itachukua muda. Nitampa matone ya vitamini. Mpeni maziwa hata kwa hila, samaki, mayai. Na jua, kila siku, miguu wazi." Kisha, kwa huruma ya kweli kabisa, akamgeukia Daktari. "Usijilaumu sana, mama. Akina mama wengi wanaokuja hapa hawayajui mambo haya. Si kosa lenu. Hamkupata nafasi ya kusoma."

Daktari alimshukuru. Sauti ilitoka ndogo. Fundi alitaka kumtetea, alitaka kumwambia yule mzee kwamba huyu unayemwona amesoma mpaka vitabu vikaomba likizo, lakini akaona kwamba utetezi huo ungekuwa ndio tusi lenyewe. Akambeba mtoto.

*

Kwenye ngazi, ghorofa ya pili, Daktari alisimama. Akili yake ilikuwa imeanza tena kufanya kazi, na akili ile ikianza haina breki.

"Zimebaki siku kumi na moja," alisema.

"Za nini?"

"Za Kundi B. Marudio ya tatu yanaisha siku ya arobaini na mbili, leo ni ya thelathini na moja. Kamati imetaka marudio matatu. Yakiwa mawili na nusu, hawatafungua hata ukurasa wa kwanza. Miaka ishirini na miwili, Fundi." Alishusha pumzi. "Kidoti atalala sebuleni. Wewe utamshusha uani kila asubuhi. Chumba kile kitabaki kama kilivyo siku kumi na moja tu. Kwani kitamdhuru nini akiwa hayumo?"

Fundi alitafuta kosa katika maneno hayo, hakuliona. Hilo ndilo lililomuudhi. Lilikuwa pendekezo la busara kabisa. "Sawa," alisema. Tusimseme sana, naye alikuwa ameshakata kitambaa cha nguo za picha.

Bibi aliposikia mpango alicheka bila furaha. "Yaani kuku wana ratiba, mtoto ana nafasi ikipatikana. Na mimi niliyekuwa nawatoa hao kuku nje kila siku mniweke kundi gani?" Kisha akafunika uso kwa upande wa kanga, akalia kimya kimya, na hakumsingizia mtu ukoo wake tena.

Walihamisha kitanda. Walihamisha godoro, ndoo ya nguo, mdoli asiye na kichwa. Walipomaliza, Kidoti hakuwepo sebuleni. Daktari alichukua mizani yake, maana ilikuwa saa ya kupima uzito na saa haingoji mtu, akaenda chumba cha nyuma. Fundi alimfuata na mto mkononi.

Mtoto alikuwa ameketi sakafuni chini ya balbu, miguu ameikunja chini yake, mgongo ukutani. Mbele yake vifaranga ishirini walikuwa wameketi vivyo hivyo. Kifaranga mwenye mifupa laini hasimami. Hukaa juu ya viungo vya miguu yake, akasogea kwa kujivuta. Kidoti alikuwa anawagombeza kwa sauti ya baba yake.

"Simameni vizuri," aliwaambia. Alisubiri. "Hamtaki? Miguu imechoka? Haya, basi. Mtabebwa."

Daktari aliweka mizani chini. Alivuka chumba kwa hatua mbili, akalikamata pazia kwa mikono miwili, akavuta. Halikuchanika. Akavuta tena kwa uzito wake wote, likabaki pale pale, imara, kazi safi.

"Fundi! Umelishona kwa uzi gani hili?"

"Ulisema usipite hata mwanga wa tundu la sindano."

"Nifumulie! Nifumulie upesi!"

Alikwenda kuchukua wembe. Alifumua mshono baada ya mshono, tabaka baada ya tabaka, na kila mshono ulimkumbusha jinsi alivyokuwa anapiga mluzi siku alipoushona. Mkewe alivuta nyuma yake. Misumari waliitoa kwa mkasi mkubwa wa kukatia suti, ambao haukukata suti tena baada ya siku hiyo. Dirisha lilifunguka kwa kelele. Jua liliingia kama mwenye nyumba aliyekuwa amefungiwa nje, likakaa sakafuni, juu ya vifaranga, juu ya mapaja ya mtoto. Kidoti alipiga chafya.

Daktari alikaa chini palepale kwenye vumbi na mavi ya kuku, akalia, si kilio cha kisomi.

"Nilikuwa namwona kila siku, Fundi," alisema. "Kila siku nikiingia kupima, anakaa hapo mlangoni. Nilikuwa namruka."

Fundi alimwekea ule mto mgongoni, kwa kuwa ndio aliokuwa nao.

*

Kamati, ambayo isingeweza kusubiri hata siku moja, iliahirisha kikao. Mara ya kwanza mwenyekiti alikuwa safarini, mara ya pili ukumbi ulikuwa na harusi. Kilifanyika baada ya miezi mitatu na nusu. Katika muda huo mtu angeweza kufanya marudio ya nne na ya tano, lakini vifaranga wote walikuwa wameshakuwa kuku wa kawaida wa roshani, wanapigana, na mayai nyumbani yalikuwa yakiliwa.

Siku ya kikao Fundi hakuingia ndani. Alikaa na Kidoti kwenye ngazi za nje, chini ya dirisha la ukumbi, lililokuwa wazi kwa sababu feni ilikuwa imekufa tangu enzi za mwenyekiti aliyepita. Mtoto alivaa kaptula nyeusi, nguo ya kwanza na ya mwisho kushonwa kutokana na lile pazia, na miguu yake ilikuwa wazi juani. Kando yao ilikuwa saa ya kengele. Picha ya familia walikuwa wameiahirisha wenyewe.

Sauti za ndani zilisikika vizuri. Mkewe alieleza kwa nusu saa bila kukwama. Alisema marudio ya tatu yalisimamishwa siku ya thelathini na moja, na kwamba sababu iliyomsimamisha ilikuwa ya haki. Kurasa zikafunuliwa.

"Daktari," alisema mwenyekiti, "Kundi B umesema lina vifaranga ishirini. Hapa kwenye jedwali naona mstari wa ishirini na moja. Nadhani ni kosa la uchapaji."

"Si kosa, Mwenyekiti."

"Nafasi kati ya magoti: nane, saba na nusu, saba, sita." Alisoma polepole. "Sentimita?"

"Sentimita."

"Huyo si kifaranga, huyo ni mbuni!" ilisema sauti nyingine, na kamati nzima ikacheka, kicheko kizuri cha watu waliokunywa chai ya chuo. Mwenyekiti naye alikuwa bado anacheka alipouliza, "Haya, tuambie. Ni jogoo au tetea?"

"Ni binti yangu."

Kicheko kilikatika. Kiti kimoja kililia. Huko nje Fundi aliuweka mkono wake juu ya goti la mtoto.

Mwenyekiti alikohoa. Alikuwa mtu wa taratibu, na mtu wa taratibu akikwama hushika utaratibu ulio karibu. "Hm. Na kibali, Daktari? Kibali cha kutumia binadamu kwenye utafiti kiko wapi?"

"Sina, Mwenyekiti," alisema mkewe. "Sikujua kama namtumia."

Saa ya kengele ililia pale ngazini, dakika ishirini zimetimia. Kidoti, aliyezoea kurudishwa ndani ikilia, aliinua mikono abebwe. Fundi aliizima ile saa, akaitia mfukoni, akamwacha mtoto palepale juani.